Tonge la Wali

Tonge ni kiasi cha chakula ambacho mkono wa kulia hukimega katika sinia, vidole vikakifinya hata kikashikamana, kisha kidole gumba kikakisukuma kinywani. Umri wake ni wa nukta chache tu. Halina bei, wala halina mpishi wake peke yake, maana kila alaye hujifanyia lake. Kwa sababu ya wepesi huo waandishi wa historia wamelipita kimya. Wameandika habari za misikiti na minara, za vyombo na nguo, za karafuu na pembe, na tonge wakawaachia walaji.

Wajapani nao wana tonge lao, ila wao wamelipa heshima ya jina. Huliita onigiri, kutokana na kitenzi nigiru, maana yake kukamata kwa kufumba mkono. Na wengine huliita omusubi, kutokana na musubu, yaani kufunga au kuunganisha. Ni wali mweupe usiotiwa mafuta, ambao hufinywa ungali moto kwa viganja viwili vilivyoloweshwa maji na kupakwa chumvi, ukapewa umbo la mviringo au la pembe tatu. Ndani yake hutiwa kitu chenye chumvi au uchachu, na nje aghalabu huvikwa ukoga mweusi wa mwani uliokaushwa, mwembamba kama karatasi. Tonge la pwani huliwa na mkono uliolifanya, papo hapo. Tonge la Kijapani hungoja: hufinywa asubuhi na mkono mmoja, likaliwa adhuhuri na mkono mwingine, shuleni, shambani, au ndani ya gari la moshi.

Mtu wa Buguruni akiulizwa Japani i wapi, huenda akaonyesha kidole upande wa kusini, kwenye daraja la juu la Tazara. Daraja hilo, liitwalo Mfugale, lilifunguliwa Septemba 2018 baada ya kujengwa kwa msaada wa serikali ya Japani, nalo lipo mwendo mfupi kutoka Buguruni kwa njia ya Barabara ya Mandela. Magari mengi yapitayo juu yake na chini yake yalizaliwa Japani pia. Walakini Japani ilikwisha kuligusa tonge la Dar es Salaam miaka 76 kabla ya daraja hilo, na mguso ule haukuwa wa urafiki. Ili uzito wake ueleweke, yapasa kwanza kujua jinsi wali ulivyofika katika sinia la pwani, na maana yake kwa wale waliokuwa wakiula.

Mpunga ulioenea Afrika Mashariki asili yake ni Asia. Afrika ya Magharibi ina mpunga wake wa kale, uliolimwa kando ya mto Niger, lakini huo si ule uliojaza masinia ya Waswahili. Katika kisiwa cha Pemba wachimbuzi wa mambo ya kale wamechekecha udongo wa miji miwili iliyo karibu karibu. Katika Tumbe, mji uliokuwa hai baina ya karne ya 7 na ya 10, mbegu zilizoungua zaonyesha kwamba watu walikula zaidi mawele, na mpunga ulikuwapo kwa uchache. Katika Chwaka, mji uliofuata kuanzia karne ya 11, mpunga umetangulia mbele na mawele yamerudi nyuma. Badiliko hili si la kawaida, kwa sababu mawele hustahimili ukame kuliko mpunga, wala hayadai maji na palizi nyingi kama mwenzake. Watu wa Chwaka waliacha nafaka nyepesi wakashika nafaka yenye taabu. Njaa haiwezi kuwa sababu ya uchaguzi kama huo. Yaelekea sababu ilikuwa karamu: mgeni wa baharini, arusi, kumaliza mfungo, na heshima ya mwenye nyumba aliyeweza kupakua kitu cheupe, chenye harufu nzuri, kwa watu wengi.

Lugha nayo ina ushahidi wake. Mswahili ana maneno matatu kwa kitu kimoja: mpunga ukiwa shambani na ndani ya maganda, mchele ukiisha kukobolewa, wali ukiisha kuiva. Mjapani naye ana yake: ine shambani, kome gunguni, meshi sahanini. Mwingereza ana neno moja tu, naye aona lamtosha. Katika hayo matatu ya Kiswahili, wali ndilo la kufikiriwa zaidi. Wabemba wa Zambia, ambao chakula chao cha asili si mpunga, huita ugali wao ubwali. Na mtu akiyaweka pamoja maneno wali, ubwali na ugali, ni vigumu kuamini kwamba yamefanana kwa bahati tu. Neno hili laonekana kuwa la kale kuliko nafaka iliyolivaa. Mchele ulipoingia chunguni ulirithi jina la chakula kilichokuwamo kabla yake, na yamkini ulirithi na namna ya kuliwa, yaani kumegwa, kufinywa na kuchovywa katika kitoweo. Kama ni hivyo, basi tonge lilikuwapo pwani likiungoja wali.

Ushahidi wa maandishi ni wa mwaka 1331, wakati Ibn Battuta, msafiri wa Tangier, alipopita pwani hii hadi Kilwa. Alipokuwa Mogadishu aliletewa wali uliopikwa kwa samli, umepakuliwa katika sinia kubwa la mti, na juu yake vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga. Kando yake palikuwa na ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na maziwa ya mgando yenye achari ya malimau na ya pilipili, pamoja na tangawizi na maembe. Ameeleza kwamba wenyeji kila walapo tonge la wali hufuatisha kitu katika hizo chumvi na achari. Msomaji na alishike neno hili la achari, maana lina kazi mbele.

Adabu yote ya sinia imesimama juu ya tonge. Mlaji hunawa, hukaa upande wake, humega palipo mbele yake, wala hagusi kitoweo cha katikati mpaka mkubwa amekigawa. Tonge kubwa mno ni ulafi, na tonge linalomwagika ni utoto. Mtoto hulishwa tonge kabla hajajua kulifanya, na mgonjwa hulishwa tonge akiwa hawezi tena kulifanya. Mtu aliyepokonywa riziki yake husemwa amenyang'anywa tonge mdomoni, na katika Dar es Salaam palipata kuwa na wakati ambapo msemo huo ulikaribia kuwa habari ya kweli, neno kwa neno.

Ni ajabu kidogo kwamba watu waliosifika kwa ubaharia na safari hawakulifanya tonge kuwa masurufu. Sababu yake imo ndani ya chungu. Wali wa pwani hupikwa kwa tui, na wali wa tui huchacha upesi katika joto. Kiporo huliwa asubuhi nyumbani, karibu na jiko la kukipashia moto. Msafiri alifungiwa mkate, tende, muhogo mkavu au ng'onda, na wali ukabaki kuwa chakula cha kurejea nyumbani. Kwa hiyo tonge la pwani halikupata kuachana na sinia, na sinia ni watu wawili, watatu, wanne.

Kwa muda mrefu Pemba ndiyo iliyokuwa ghala ya mpunga, ikiilisha Mombasa. Karne ya 19 iligeuza mambo hayo. Karafuu zilitwaa ardhi na mikono ya watumwa, na visiwa vikawa nchi inayouza kiungo na kununua chakula. Mchele ulikuja kwa vyombo kutoka Bara Hindi, na mwingine ulitoka ng'ambo ya pili, hasa bonde la Rufiji, ambalo kwa wingi wa mpunga wake lilipata kuitwa Kalkuta ndogo. Dar es Salaam, ambayo Sultani Majid aliianza katika miaka ya 1860, ilizaliwa katikati ya biashara hiyo, na wenyeji wake wa kwanza waliikuta bahari upande mmoja na mashamba ya Wazaramo upande wa pili.

Mji ulipokua chini ya Wajerumani, kisha chini ya Waingereza walioutwaa Septemba 1916, wali ulipata maana nyingine juu ya ile ya karamu. Ulikuwa alama ya umjini. Mtu aliyetoka bara kutafuta kibarua alifika akila ugali, na ugali ulimtosha. Miaka michache baadaye, akiisha kupata chumba Kariakoo, mtaa uliopata jina lake kwa kile kikosi cha wapagazi wa vita vya kwanza, alitaka wali angalau siku ya Ijumaa na siku ya sikukuu, kama walivyotaka majirani zake. Buguruni wakati huo ilikuwa pembezoni, mahali pa minazi. Lakini minazi hiyo ilikuwa na sehemu yake katika chungu cha mjini, kwa kuwa wali bila tui haukuhesabiwa kuwa umepikwa.

Mchele huo wa mjini haukutoka wote Rufiji. Kabla ya vita vya pili vya dunia nchi iliyouza mchele mwingi kuliko zote duniani ilikuwa Burma; kiasi cha tani milioni 3 kilitoka katika bandari zake kila mwaka, na Rangoon ndiyo iliyokuwa kubwa yao. Mchele wa Burma uliingia Unguja na pwani yote katika maduka ya Wahindi. Maskini wa mjini aliupakua katika sinia lake bila kujua kwamba ulipandwa kando ya mto Irrawaddy, wala hakuwa na haja ya kujua.

Tarehe 8 Machi 1942 jeshi la Japani liliingia Rangoon. Tangu siku hiyo mchele wa Burma ulikuwa mali ya upande mwingine wa vita. Mwaka uliofuata Bengal ilipatwa na njaa iliyoua watu wanaokadiriwa kufika milioni 3. Sababu zake zilikuwa nyingi, na kupotea kwa mchele wa Burma ni mojawapo. Afrika Mashariki haikufikwa na msiba wa kadiri ile, ingawa mwaka 1943 mvua zilikataa na Ugogo ikaona njaa kali. Mjini Dar es Salaam uhaba haukuja kwa sura ya maiti njiani. Ulikuja kwa sura ya daftari.

Serikali ya kikoloni ilianzisha posho, na katika mpango wake watu waligawanywa kwa rangi kabla ya chakula kugawanywa. Mzungu alihesabiwa kuwa mla mkate, Mwasia kuwa mla mchele na ngano, na Mwafrika kuwa mla mahindi. Kwa karani aliyekaa ofisini mpango huo ulikuwa na sura ya akili na hata ya huruma, maana kila mtu alikusudiwa kupewa alichokizoea. Kosa lake ni kwamba ulimwuliza mtu rangi yake, usimwulize alikula nini jana. Mzaramo wa mjini, au Mmanyema aliyezaliwa Kariakoo, aliyelelewa kwa wali wa nazi kama walivyolelewa wazazi wake, alielezwa kwamba chakula cha asili yake ni unga wa mahindi. Mahindi ni nafaka ya Amerika, iliyofika pwani hii baada ya Wareno, karne kadhaa baada ya watu wa Chwaka kuupa mpunga nafasi ya kwanza. Daftari likafanya mgeni kuwa mwenyeji, na mwenyeji kuwa mgeni.

Mambo ya namna hii hayapimwi kwa ratili peke yake. Sembe hushibisha, tena kwa mtu wa kazi nzito hushibisha kuliko wali, na hapana aliyekufa kwa kula ugali. Lakini mtu wa Kariakoo alimwona jirani yake, ambaye jina lake limo katika daftari jingine, akirudi na kikapu cha mchele, na watoto wa nyumba mbili walikuwa wakicheza pamoja uwanjani. Magendo yalistawi. Mchele uliuzwa nyuma ya duka kwa bei iliyomtisha mtu wa mshahara mdogo. Unguja pia posho iligawanywa kwa kufuata makabila, na swali la nani ni Mwarabu, nani ni Mshirazi, nani ni Mwafrika, ambalo zamani lingeweza kuachwa bila jibu, likaanza kudai jibu kila wiki kwenye mlango wa duka. Wengine husoma siasa za Zanzibar za miaka ya 1950 kana kwamba zilianza katika vyama na magazeti. Ni vema wasome na kadi za posho.

Wakati huo huo vijana wa Tanganyika walikuwa wakivalishwa sare za Keya na kupelekwa Burma yenyewe. Askari wa divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki walipigana na Wajapani katika bonde la Kabaw, lenye malaria na matope, na kufikia Desemba 1944 walikuwa wamefika mto Chindwin. Baadhi yao walitoka katika miji ambamo mchele ulikuwa umekatazwa kwa sababu ya kupotea kwa nchi hiyo hiyo waliyokuwa wakiikomboa. Waliporudi walikuta posho ingalipo na bei zikiwa juu. Septemba 1947 makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma, na mgomo ukafuata njia ya reli kwenda bara. Haitakuwa haki kusema kwamba waligoma kwa ajili ya wali. Walidai mshahara na kulalamikia ughali wa maisha. Lakini ughali wa maisha mtu huujua sinianini kwanza.

Si haki pia kudhani kwamba mchele walionyimwa wengine Wajapani waliula kwa raha. Katika Tokyo na miji mingine mikubwa posho ya mchele ilianza Aprili 1941, gramu 330 kwa mtu mzima kwa siku, na kadiri vita vilivyoendelea sehemu ya kiasi hicho ilijazwa viazi vitamu, maharage ya soya na vitu vingine vya kuudanganya mchele. Kwa taifa ambalo neno lake meshi lina maana ya wali na pia maana ya mlo wowote, upungufu huo uliingia hata ndani ya lugha. Onigiri ya mchele mtupu ilikuwa kitu cha kuota.

Na onigiri ni kitu cha kale huko. Mwaka 1987, katika mkoa wa Ishikawa, wachimbuzi walikuta bonge la wali lililoungua likawa mkaa, ambalo umri wake wakadiriwa kuwa miaka 2,000. Mikono iliyolifinya imekwisha sahauliwa, na umbo lake la pembe limebaki. Katika karne ya 11 watu wa nyumba za wakubwa waliwagawia watumishi wao mabonge ya wali yaliyoitwa tonjiki, na neno hilo limo katika kitabu cha Murasaki Shikibu juu ya Genji. Tonjiki na tonge yamefanana kwa sauti. Hiyo ni bahati, na mwanafunzi mwenye haraka asijenge nadharia juu yake. Askari na wakulima walilichukua bonge hilo kila walikokwenda, na yasemekana chakula cha kwanza kuuzwa katika stesheni ya reli ya Japani, Utsunomiya mwaka 1885, kilikuwa onigiri mbili zenye plamu za chumvi, zimefungwa katika gome la mwanzi.

Wali wa Dar es Salaam wa leo haungoji meli kutoka Rangoon. Mchele wa Kyela, wa Mbarali, wa Kilombero na wa Shinyanga hufika kwa malori, na muuzaji wa soko la Buguruni hutaja mahali ulikotoka kabla ya kutaja bei, kwa sababu mnunuzi ataka kujua hivyo kwanza. Japani nayo ilirudi, safari hii kwa mlango mwingine. Chini ya mlima Kilimanjaro mradi wa umwagiliaji wa Moshi ya Chini, uliokamilika mwaka 1987 kwa ushirikiano na Japani, ulitengeneza majaruba ya mpunga ya kiasi cha hekta 1,100, na wakulima wakafundishwa kupandikiza miche kwa mistari. Mbegu iliyoenezwa huko, IR54, ilitoka Ufilipino. Wataalamu wa Kijapani walileta maarifa ya maji na ya mistari, na mchele wao wa kunata wakauacha kwao. Walifanya vema, maana hapana ambaye angeununua.

Hapa ndipo mtu wa Buguruni atakaye kufanya onigiri nyumbani hukutana na historia ndani ya sufuria. Mchele una wanga wa namna mbili, na ule uitwao amilosi ndio uachanishao punje. Mchele wa Japani, mfupi na wa mviringo, una amilosi chache, kwa hiyo wali wake hushikamana. Mchele mrefu wa jamii ya Kihindi, ambao ndio uliozoeleka pwani, una amilosi nyingi zaidi, kwa hiyo wali wake huchambuka. Mpishi wa pwani amejitahidi kwa karne nyingi kuuchambua zaidi: hutia tui, hutia mafuta, hupalia makaa juu ya kifuniko, na husifiwa punje zikisimama moja moja. Onigiri yadai atende kinyume cha kila alichosifiwa.

Lakini mchele ni mmoja, mapishi mbalimbali. Achague mchele mpya wa msimu, ule ambao wapishi huulalamikia kwamba wafanya bonge; mchele uliokaa ghalani haufai kwa kazi hii. Auoshe hata maji yatakate, auloweke nusu saa, aupike kwa maji mengi kidogo kuliko desturi, bila tui, bila mafuta na bila makaa juu, kisha auache umefunikwa dakika 10 au 15 baada ya kuuondoa motoni. Utatoka ukielekea mashendea, na mama wa nyumba ataona haya kuupakua mbele ya wageni. Ndio unaotakiwa. Ufinywe ungali moto kadiri mkono uwezavyo kustahimili, viganja vikiwa na maji na chumvi, kwa kugeuza na kukaza mara tatu au nne, bila kuupondaponda. Na kama mikono haijazoea, kitambaa safi chenye unyevu chaweza kusaidia.

Ndani yake Wajapani hutia plamu ya chumvi iitwayo umeboshi, ambayo huleta ladha na pia huchelewesha kuharibika. Plamu hizo hazipatikani sokoni Buguruni, wala hapana sababu ya kuzihangaikia. Achari ya ndimu au ya embe, iliyokaushwa maji yake, ina chumvi ile ile na uchachu ule ule, nayo imekwisha kukaa kando ya tonge la pwani tangu kabla ya mwaka 1331. Ng'onda aliyechomwa na kuchambuliwa hufaa vilevile. Ule ukoga mweusi wa nje ni shida zaidi. Zanzibar hulima mwani kwa biashara tangu mwaka 1989, na wanawake wa Paje na Jambiani huuanika kwa magunia. Lakini mwani huo ni wa jamii nyingine, huuzwa nje kwa kazi za viwandani, na wengi wa waulimao hawaupiki. Jani la mgomba lililopitishwa juu ya moto hushika tonge vizuri, ingawa lenyewe haliliwi.

Jambo moja Dar es Salaam haisameheani nalo, nalo ni joto. Wali uliokaa siku nzima katika hali ya hewa ya Machi una hatari, hata kama harufu yake haijabadilika, na tonge la kumfungia mtoto asubuhi liwe limeliwa kabla ya adhuhuri. Yale yaliyobaki nyumbani muda mfupi, yakaanza kukauka, hupangwa juu ya kikaango chenye mafuta kidogo, yakageuzwa pande zote mpaka yafanye ukoko. Wajapani huyaita yaki onigiri, wakayapaka maji ya soya yangali motoni. Watoto wa Buguruni, ambao tangu zamani hugombea ukoko wa chungu, hawatahitaji kufundishwa jina lake.